Nyonga Tatu za Fundi Ngwali

Ilikuwepo nchi moja, na nadhani ipo mpaka leo ingawa sijapata moyo wa kwenda kuangalia, ambayo serikali yake iliwapenda wananchi wadogo kupita kiasi. Jina la nchi hiyo sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisa wa vibali alitoka kwenda kula chakula cha mchana mwaka juzi na bado anatafuna.

Mapenzi hayo ya serikali ndiyo yaliyompata Bi Havijawa, muuza uji wa langoni Hospitali Kuu, nami nayasimulia kama yalivyokuwa, bila nia mbaya. Siasa sizijui.

Mume wa Bi Havijawa alikuwa Fundi Ngwali, mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wao na kuta tatu za ikulu, ukuta wa nne akiwa amepewa shemeji wa mtu. Miezi kumi na minne kabla ya mambo haya alianguka kutoka jukwaani, nyonga ya kulia ikasagika, na tangu siku hiyo akawa mtu wa godoro. Hakuweza kujigeuza mwenyewe. Kila baada ya saa tatu mkewe alipiga magoti, akamshika bega na paja, akahesabu moja, mbili, akamgeuzia ubavu wa pili, la sivyo mgongo ungetoboka vidonda. Hata akiwa kazini aliacha sufuria kwa jirani akakimbia nyumbani kumgeuza, kisha akarudi kukuta uji umeshika ukoko.

Fundi hakuwa mtu wa kulia. Akigeuzwa, alitaja majengo aliyojenga, moja baada ya jingine, mpaka maumivu yapungue. Alianza na nyumba ya Mzee Kiza, akaenda duka la Binti Saburi, msikiti mdogo, ghala la mbolea, na orodha iliishia kwa wodi namba sita ya Hospitali Kuu. Kwa kawaida maumivu yalikuwa yamekwisha kabla hajafika huko.

Sasa, katika Hospitali Kuu alikuwa akija daktari mgeni wa mifupa, mara moja kwa mwaka, kwa mwezi mmoja tu, na masanduku yake ya nyonga za chuma. Alikuwa mtu mpole, mrefu, anayependa uji wenye sukari nyingi. Alikwishampima Fundi Ngwali mwaka uliopita. "Nyonga ya mzee iko kabatini," alimwambia Bi Havijawa akiwa ameshika kikombe. "Boksi la kijani, namba hamsini na mbili. Inamsubiri." Bei yake ilikuwa milioni nane, na ilipaswa kulipwa yote kabla ya kisu. Kwa uji, nyonga hiyo ingepatikana baada ya miaka kumi na tisa, Fundi akiwa na miaka themanini na mbili na pengine hana tena pa kwenda.

Lakini serikali, kama nilivyosema, ilikuwa na mapenzi. Mwaka huohuo uliopita Waziri wa Fedha na Faraja alizindua kampeni ya Kila Mwananchi Mwekezaji, akatangaza mifuko miwili ya hisa ambayo hata muuza uji angeweza kuinunua kwa simu yake. Wa kwanza uliitwa Mara Tatu. Soko la hisa la taifa likipanda moja, wewe unapanda tatu. Likishuka moja, unashuka tatu. Wa pili uliitwa Kinyume. Huo ulipanda tatu soko likishuka moja, na soko likipanda, shauri yako. Waziri alisema mifuko hii ni ngazi ya mnyonge. Aliyeuliza ngazi hiyo imeegemea wapi alikuwa Fundi Ngwali peke yake, naye aliuliza akiwa chali mbele ya redio, kwa hiyo hakusikika.

Bi Havijawa aliuza cherehani yake. Aliuza mwiko wa mumewe, pima maji na jukwaa lenyewe lililomwangusha. Alinunua Mara Tatu kwa milioni mbili, na kwa kuwa soko lilikuwa linapanda, daktari aliporudi mwaka uliofuata simu ya Bi Havijawa ilionyesha milioni saba na laki nne. Zilibaki laki sita tu. Kwa mwendo ule wa soko, hizo zilikuwa kazi ya wiki moja.

Hapo ndipo serikali ilipoingiwa na huruma.

*

Tarehe tatu ya mwezi ule, saa nne asubuhi, Waziri alihutubia taifa redioni. Alisema amepata taarifa za kutisha kwamba wananchi wadogo wameanza kupata faida, na wataalamu wamemweleza kuwa faida ndiyo dalili ya kwanza ya hasara.

"Wataalamu wetu," alisema Waziri, "baada ya ziara ya mafunzo ya miezi minne katika nchi saba zenye baridi, wamegundua jambo ambalo mataifa makubwa hayakuligundua. Wamegundua kwamba hakuna mwananchi aliyewahi kula hasara kabla hajauza. Hasara yote, ndugu wananchi, huja siku ya kuuza. Kwa hiyo kuanzia tarehe kumi na tano, mwananchi mdogo hataruhusiwa kuuza Mara Tatu wala Kinyume. Kununua ni ruksa, usiku na mchana, maana kununua peke yake hakujamdhuru mtu."

Alieleza pia nani ni mdogo. Mdogo ni yeyote ambaye mifuko yake haijafika milioni ishirini. Aliyefika ni Mwananchi Mkubwa, na huyo ataendelea kuuza atakavyo kwa sababu mkubwa anajua kuumia bila kusumbua watu. Mwisho alisema serikali hii ni sikivu, na kwamba tarehe kumi na nne Tume ya Kumkinga Mwananchi Mdogo itasikiliza maoni ya wanaopinga, kama wapo.

Soko liliposikia huruma hiyo lilianguka. Kufikia jua la utosi, milioni saba na laki nne za Bi Havijawa zilikuwa sita na laki moja.

Alifunika sufuria, akaenda dirisha la malipo la hospitali akiwa bado ameshika upawa. Karani alikuwa kijana mwenye miwani, mteja wake wa kila siku.

"Mwanangu, nikiuza leo napata milioni sita na laki. Zipokee, hizi nyingine nitakuletea kidogo kidogo."

"Mama, ningekuwa na uwezo ningefanya," alisema karani. "Lakini hatufungi robo tatu ya nyonga."

Alikuwa mkweli, na Bi Havijawa hakumchukia. Alirudi kwenye uji wake. Siku ile hakumbuki alimuuzia nani.

*

Waliopinga walikuwepo. Walikuwa mia mbili na kumi na wawili, na walijiita Umoja wa Wawekezaji Wadogo. Mwenyekiti wao alikuwa Mwalimu Liganga, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na sasa alifundisha soko, kwa sababu yote mawili, alisema, ni milima na mabonde. Walikutana tarehe saba katika darasa lake la masomo ya ziada, watu wazima na matumbo yao wamebanwa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yakigusa videvu.

Mwalimu Liganga alizungumza vizuri. Alisema fedha ni zao na jasho ni lao. Alisema kumzuia mtu kuuza chake kwa kisingizio cha kumpenda ni sawa na kumfungia ndani ya nyumba inayoungua ili asije akanyeshewa. Watu walipiga madawati. Ombi liliandikwa kurasa mbili, likazungushwa, kila mtu akatia sahihi kwa mkono wa kulia.

"Ombi letu litashinda," alisema Mwalimu. "Hilo sina shaka nalo. Ila mwekezaji ni mwekezaji, na tahadhari kabla ya hatari. Tuseme, kwa mfano tu wa darasani, ombi limekataliwa. Soko litafanya nini?"

"Litaanguka," darasa zima liliitikia.

"Na soko likianguka, nani anapanda?"

"Kinyume."

"Uamuzi utatoka tarehe kumi na nne mchana. Kanuni inaanza tarehe kumi na tano. Katikati hapo kuna nini?"

Mzee mmoja wa dawati la nyuma alisema polepole, "Kuna jioni ya kuuzia."

Mwalimu Liganga alitabasamu kama anavyotabasamu mwalimu aliyepata mwanafunzi. Na hapo, wasomaji wangu, lilifanyika jambo ambalo watu wa kawaida wasingelifanya. Mkulima akienda kuomba mvua hapiti kwanza dukani kununua mazao ya ukame. Lakini hawa walikuwa wawekezaji, nao walifundishwa kwamba mwekezaji hasimami upande mmoja. Mikono ya kushoto iliingia mifukoni, ikatoka na simu, na kabla wino wa ombi haujakauka, karibu kila mmoja alikuwa ameuza Mara Tatu yake na kununua Kinyume. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Bi Havijawa naye alinunua, kwa zote sita na laki moja. Alijiambia ni kwa ajili ya laki zinazopungua. Kusema kweli, moyoni mwake ombi lilikuwa limeshakataliwa, na alikuwa amelikataa yeye.

Alimweleza mumewe mpango huo wakati akimgeuza. Fundi alifika ghala la mbolea, akakatisha orodha.

"Mama Siwema, hebu niambie. Serikali itajuaje kama mnaamini mnachoomba?"

"Itajuaje nini, baba Siwema? Sahihi zipo."

"Mimi nikimjengea mtu nyumba halafu nikakataa kulala humo hata usiku mmoja, ataniuliza."

Bi Havijawa alimwekea mto chini ya goti. Lile halikuwa swali la soko, na alikuwa amechoka na maswali ya ujenzi.

*

Tume ya Kumkinga Mwananchi Mdogo iliketi katika Ukumbi wa Usikivu, jengo zuri lililokuwa na vipaza sauti jukwaani tu. Mwenyekiti alikuwa Profesa Balozi Mstaafu Nyamwoza, mtu mzito, mwenye sauti ya mtu anayesoma wosia. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mpingaji apewe dakika moja, lakini aanze kwa kuwasalimu waheshimiwa wote kwa vyeo vyao kamili. Waheshimiwa walikuwa kumi na wanne.

Mwalimu Liganga alijitahidi sana. Aliwasalimu mbio mbio kama mtu anayekimbizwa na nyuki, akawamaliza wote, akavuta pumzi na kusema, "Hoja yetu ya kwanza," na kengele ikalia. Profesa Nyamwoza alimshukuru kwa salamu zake zilizogusa nyoyo.

Baada ya wapingaji tisa kusalimu hivyo, Profesa alimwita Katibu wa Tume asome daftari la soko. Katibu alikuwa mwanamke mwembamba aliyesoma bila kuinua macho.

"Waliotia sahihi ombi hili ni mia mbili na kumi na wawili," alisoma. "Kati yao, walionunua Kinyume baada ya kutia sahihi, yaani walioweka fedha zao kwamba ombi hili likataliwe, ni mia mbili na kumi na mmoja."

Mtu mmoja alikohoa, kisha akaonekana kujuta.

"Na huyo mmoja aliyebaki?" aliuliza Profesa. "Huyu mwenye imani yuko wapi? Tungependa kumsikiliza."

"Alifariki wiki iliyopita, Mheshimiwa."

Profesa Nyamwoza aliinamisha kichwa kwa heshima ya marehemu, akakiinua. "Serikali hii ni sikivu," alisema. "Sahihi ni wino tu, kila mtu anao. Fedha ndiyo sauti ya moyo. Wananchi mia mbili na kumi na mmoja wamesema kwa fedha zao kwamba wanataka ombi hili likataliwe, na aliyetaka likubaliwe hayupo nasi. Tume haiwezi kwenda kinyume cha wananchi. Ombi limekataliwa. Na kwa kuwa wananchi wenyewe wameonyesha hamu kubwa kiasi hiki, si haki kuwachelewesha. Kanuni inaanza sasa hivi."

Mia mbili na kumi na mmoja walitoa simu. Soko lilikuwa limeshasikia, lilikuwa linaporomoka, na Kinyume kilikuwa kinapanda kama maziwa jikoni. Simu ya Bi Havijawa ilisoma milioni sita na laki tisa, ikasoma saba na nusu, ikasoma nane na laki mbili. Alibonyeza neno Uza. Simu ilifikiri kidogo, ikamwandikia kwa herufi za kijani: Ndugu Mwananchi Mdogo, umekingwa.

Alibonyeza tena. Alikuwa amekingwa.

Sijui alifikaje mbele. Hata yeye hajui. Watu waliona tu mwanamke mwenye kanga iliyorukiwa na uji amesimama chini ya jukwaa, ameinua simu juu, naye hakumsalimu mheshimiwa hata mmoja, kwa hiyo alipata dakika nzima.

"Mimi naitwa Havijawa, nauza uji," alisema. "Sijaja kupinga tena. Nimeshindwa, nimekubali. Mume wangu hawezi kujigeuza kitandani. Daktari wake anaondoka tarehe thelathini. Nyonga ni milioni nane, na hizi hapa, zimetimia, mnaziona wenyewe. Sitaki faida. Sitaki soko. Nataka kubonyeza mara moja tu, halafu nikingeni mpaka siku ya kufa kwangu. Mara moja tu, baba zangu. Nawaomba."

Alipiga magoti. Alikuwa amezoea kupiga magoti, lakini si kwa ajili hiyo.

Profesa Nyamwoza alitoa leso akajifuta jicho moja, na naamini machozi yalikuwa ya kweli. "Ushuhuda huu," aliiambia Tume, "naomba uingizwe kwenye kumbukumbu neno kwa neno. Umeonyesha bayana jinsi mwananchi mdogo alivyo na uchungu mkubwa. Na mtu mwenye uchungu kiasi hiki, waheshimiwa, hafai hata kidogo kuachiwa auze."

Waheshimiwa kumi na wanne walipiga makofi. Kisha Katibu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimsogelea Bi Havijawa na kumnong'oneza kwamba njia ipo. Zikifika milioni ishirini, atakuwa Mwananchi Mkubwa, na atauza bila kuulizwa.

"Zitafikaje?" aliuliza Bi Havijawa.

"Una Kinyume, mama. Nchi ikizidi kuharibika, zitafika."

*

Mfa maji haachi kutapatapa. Bi Havijawa alihesabu siku kumi na sita mpaka tarehe thelathini, na tangu siku hiyo akaanza kuiombea nchi yake mabaya.

Haikuwa kazi ngumu. Wakubwa walipoona wadogo wamefungiwa ndani, walijua hakuna tena mdogo atakayenunua asichoweza kuuza, kwa hiyo walikimbilia mlangoni kuuza chao kwanza. Hisa zilishuka, benki zikaogopa, viwanda vikakosa mikopo. Redio ya taifa haikuwa na ruhusa ya kutangaza habari mbaya, ila wananchi walijua kuisikiliza. Redio iliposema kiwanda cha saruji kimeingia katika mapumziko yenye tija, Bi Havijawa na mumewe walitazamana.

"Kimefungwa," alisema Fundi Ngwali. Alikuwa amekipakua kile kiwanda mfuko kwa mfuko tangu ujana wake.

Bi Havijawa aliangalia simu. "Milioni kumi na moja na nusu."

"Nyonga moja na ushei," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa na furaha. Tangu hapo wakawa wanahesabu hivyo, kwa nyonga.

Redio ilisema treni ya kaskazini imeamua kutembea kwa uangalifu zaidi na kwa sasa haitembei. Nyonga moja na nusu. Redio ilisema mchele umepanda bei kwa hiari yake. Nyonga moja na robo tatu. Njiani wanachama wa Umoja walipeana mikono kama watu wa harusini. "Umesikia, kiwanda cha sukari?" "Nimesikia, ndugu yangu, hongera." Mwalimu Liganga alituma ujumbe kwamba kukiwa na ukame, mambo yatakuwa mazuri sana. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini sidhani walimaanisha kwa ratiba.

Siku ambayo redio ilisema wafanyakazi elfu nne wa nguo wamepewa nafasi ya kuwa karibu na familia zao, simu ilisoma milioni kumi na sita. Nyonga mbili kamili. Bi Havijawa, akiwa peke yake uani, alipiga kigelegele kabla hajajizuia. Kabla sauti haijaisha, Mama Chonya, jirani yake anayemshikia sufuria kila siku, alisukuma mlango akiwa na macho mekundu.

"Jirani, baba Chonya amerudi na barua," alisema. "Miaka ishirini na mbili pale kwenye nguo. Nimekuja unishauri." Kisha akasimama, akamtazama. "Kuna heri gani kwako? Nimesikia kigelegele."

"Hakuna," alisema Bi Havijawa. "Ni redio ya watu."

Alimpa kiti, akampa uji, akamshika mkono. Aliona haya ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Na chini ya haya hiyo, apende asipende, alikuwa akijiuliza barua kama ile zikitoka tena elfu mbili, zitaongeza kiasi gani.

*

Tarehe ishirini na nane asubuhi simu ilisoma milioni kumi na tisa na laki sita.

Laki nne. Bi Havijawa aliweka sufuria langoni, akaweka redio ndogo kwenye stuli kando ya vikombe, akaiongeza sauti. Aliomba. Hakutaja ombi lake kwa jina, maana aliona aibu mbele ya Mungu, lakini alijua Mungu ameelewa. Aliomba kitu kimoja zaidi kiharibike. Kimoja kidogo tu, cha mbali, kisicho na watu wengi.

Saa nne na robo redio ilipiga ngoma zake. Ilisema Hospitali Kuu, kwa kutambua uchovu wa mashine zake, ukosefu wa hewa ya wagonjwa na deni la umeme, imeamua kuwapa wagonjwa wote fursa ya kupona wakiwa nyumbani.

Mwanzoni hakuelewa. Aligeuka, akaona mlinzi anafunga mnyororo kwenye lango lililo nyuma yake. Karani mwenye miwani alipita amebeba kiti chake kichwani. Halafu alitoka daktari mgeni na masanduku yake, akiyasukuma kwenye kitanda cha magurudumu mpaka kwenye gari lililomsubiri. Boksi la kijani lilikuwa la juu kabisa.

"Mama," alisema daktari, na Kiswahili chake kilikatikakatika. "Samahani sana. Hakuna umeme. Mimi siwezi kupasua bila umeme."

"Namba hamsini na mbili," alisema Bi Havijawa. "Daktari, ile pale. Subiri kidogo. Fedha zinakuja, zimebaki laki nne."

Simu yake ililia mfukoni. Taifa zima lilikuwa limesikia habari za hospitali, na soko lilikuwa limeanguka kuliko siku zote za mwezi ule. Aliitoa. Ilikuwa na maua yanayocheza pembeni, na katikati, kwa herufi za dhahabu: Hongera! Umefikisha milioni ishirini na mbili na laki tatu. Sasa wewe ni Mwananchi Mkubwa. Uza upendavyo.

Daktari alimwona ameinamia simu, akadhani analia, akamshika bega. Aliomba uji wa mwisho. Bi Havijawa alimtilia sukari nyingi, kama anavyopenda, na hakumtoza. Kisha gari liliondoka, na yeye akabaki langoni na sufuria iliyojaa, mahali ambapo hapakuwa tena na mgonjwa wa kununua uji.

Ilikuwa saa ya kumgeuza mumewe. Alitembea nyumbani, hakukimbia.

Fundi Ngwali alikuwa anatazama mlango. Redio ya jirani ilikuwa imeshamwambia.

"Leo tuna ngapi, mama Siwema?"

"Karibu tatu."

"Na unaruhusiwa kuuza?"

"Naruhusiwa. Nimekuwa mkubwa."

Fundi alitazama dari aliyoipigilia mwenyewe. "Hongera," alisema, na hakukuwa na kejeli ndani yake. "Basi nigeuze. Mkono huu umekufa ganzi."

Alipiga magoti, akamshika bega na paja, akahesabu moja, mbili. Fundi akaanza nyumba ya Mzee Kiza, duka la Binti Saburi, msikiti mdogo, ghala la mbolea. Akafika wodi namba sita. Maumivu yalikuwa bado yapo, kwa hiyo alianza tena mwanzo.